Chuma Hununuliwa, Mtu Hanunuliwi

Eropleni ya kivita inapoharibika angani, rubani wake huwa na dakika chache tu, na pengine sekunde chache, za kuamua jambo ambalo hakimu mahakamani angeliahirisha mwezi mzima. Aamue kama itaweza kutua. Aamue kama itamlazimu kuruka na kuiacha. Na zaidi ya yote aamue chuma kile kizito, chenye mafuta na baruti, kikaangukie wapi. Chini yake huenda pana pori, huenda pana ziwa, na huenda pana mama anayepalilia pamba yake, asiyejua kwamba uhai wake umo mikononi mwa mtu asiyemwona.

Twaandika haya tukiwafikiria wananchi wa Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, na wa vijiji vinavyofanana na Ngulyati. Kijiji hakina uwanja wa ndege za kivita, na wengi watauliza jambo hili lawahusu nini. Lawahusu, kwa kuwa anga haina uzio. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, umepakana na Mwanza upande mmoja na mbuga za Serengeti upande mwingine, na Mwanza ni mahali penye kituo cha ndege za jeshi letu. Mwezi wa Februari 2015 ndege ya kivita ya Jeshi la Wananchi ilianguka huko Mwanza. Ndege wa porini, kiumbe mwenye mbawa na manyoya, aliingia katika injini, na rubani akaokoka. Kitu kidogo namna ile chatosha kuangusha mashine kubwa. Wala watu wa Kanda ya Ziwa hawakusahau kwamba tarehe 29 Machi, 1979, katika vita vya kumwondoa nduli Amin, ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliokuwa wakihifadhiwa hapo. Litokalo angani halichagui kijiji.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini eropleni ya kivita ni shida kutua penginepo pasipo uwanja. Ndege ndogo ya abiria wachache, yenye mabawa mapana na mwendo mdogo, yaweza kuzimikiwa na injini, ikateleza polepole hewani na kukalia shamba au barabara. Eropleni ya kivita iliyotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili ni namna nyingine. Mabawa yake ni mafupi na membamba, kwa sababu imeundwa kwa mbio. Injini ikizimika hushuka upesi mno. Na hata katika kutua kwa kawaida, nyingi katika ndege hizo hugusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 250 hadi 300 kwa saa. Kwa mwendo huo kichuguu ni ukuta, na mfereji ni kaburi.

Mkulima wa Usukuma atalielewa jambo hili kuliko mtu wa mjini, maana yeye aijua ardhi yake. Kutoka juu, mbuga ya udongo mweusi huonekana tambarare kama mkeka. Wakati wa kiangazi udongo ule hukauka na kupasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe huzama. Wakati wa masika hugeuka tope linaloshika gurudumu la trekta na kulikatalia kutoka. Rubani aliye juu haoni nyufa wala tope. Huona tambarare tu. Ndiyo sababu majeshi mengi huwafundisha marubani wao kwamba injini ikizimika na uwanja ukiwa mbali, wasijaribu kuikalisha ndege mashambani, bali waruke.

Kuruka kwenyewe kuna historia yake. Katika miaka ya vita ile kuu, rubani aliyepatwa na balaa alifungua kifuniko, akapanda kwa mikono yake na kujitupa nje na mwavuli wake. Zilipokuja ndege za jeti, upepo wa mbio zile ulimgandamiza mtu kitini asiweze kutoka. Ndipo mafundi walipobuni kiti chenye baruti chini yake, ambacho humrusha rubani nje pamoja na kiti chenyewe. Tarehe 24 Julai, 1946, fundi mmoja wa kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza, jina lake Bernard Lynch, alikubali kukijaribu kiti hicho kwa mwili wake kutoka katika ndege ya Meteor iliyokuwa hewani, akatua salama. Hakuwa jemadari, alikuwa mfanyakazi. Tangu siku hiyo viti vya kampuni hiyo peke yake vimeokoa watu zaidi ya 7,000.

Lakini kiti hicho kilileta swali ambalo halikuwapo zamani. Rubani akisha kuruka, ndege haina mwenyewe. Itakwenda wapi?

Tutazame mambo matatu yaliyotokea kweli, kila moja likiwa na jibu lake.

La kwanza ni la Berlin, tarehe 6 Aprili, 1966. Wakati huo mji ule ulikuwa umegawanywa kwa ukuta uliojengwa mwaka 1961. Upande wa mashariki ulifuata siasa ya Kirusi, na upande wa magharibi ulikuwa chini ya ulinzi wa Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Eropleni ya kivita ya Kirusi, aina ya Yak-28, iliondoka katika uwanja wa Finow, Ujerumani ya Mashariki, ikiwa na watu wawili: rubani Kapteni Boris Kapustin, na mwelekezi wake Luteni Yuri Yanov. Injini zikaharibika. Ilipotoka chini ya mawingu, chini yake palikuwa na nyumba za watu wa Berlin ya Magharibi. Watu wale wawili walikuwa na viti vya kurukia. Hawakuruka. Waliielekeza ndege mbali na majumba mpaka ikaanguka katika ziwa la Stößensee, karibu na daraja la barabara kuu. Wote wawili wakafa. Chini hakufa mtu hata mmoja.

Msomaji na atulie hapa kidogo. Watu waliookolewa siku ile hawakuwa wenzao wa chama, wala wa nchi yao, wala wa upande wao. Walikuwa watu wa upande ule ambao kila siku askari wale walifundishwa kuukabili. Ziwa lenyewe lilikuwa katika eneo la Waingereza, na wapiga mbizi wa Kiingereza waliingia majini, wakatoa miili, wakaichunguza rada na injini zile walizokuwa na hamu kubwa ya kuzijua, ndipo baadaye wakarudisha mabaki. Wakubwa walishindana juu ya chuma. Lakini watu wa kawaida wa Berlin, na viongozi wao pia, walielewa jambo moja kubwa zaidi: kwamba maadui wawili walikuwa wamekufa ili watoto wao waishi. Katika nchi yetu ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, ambayo Chama Cha Mapinduzi kiliirithi mwaka 1977, ni kuwahesabu binadamu wote kuwa ndugu. Wapo wanaoitamka ahadi hiyo mkutanini wakiwa wameketi vitini kwa raha. Kapustin na Yanov, ambao hawakuijua, waliitimiza wakiwa vitini mwa mauti.

La pili ni la Marekani, tarehe 2 Februari, 1970, katika jimbo la Montana. Rubani kijana, Gary Foust, alikuwa katika mazoezi ya mapigano na eropleni ya F-106. Ikaanza kuzunguka kama pia na kuanguka, naye asiweze kuitawala. Akaruka. Ajabu ni kwamba mara alipotoka, uzito wa ndege ulibadilika, ikajinyoosha yenyewe, ikateleza hewani bila mtu, na kukalia kwa tumbo katika shamba lililofunikwa na theluji karibu na mji mdogo wa Big Sandy. Foust alishuka na mwavuli wake milimani, wenyeji wakamwendea kwa pikipiki za kwenda thelujini na kumchukua.

Mkuu wa polisi wa mahali pale alipofika shambani alikuta injini ingali inanguruma, na eropleni inasogea kidogo kidogo kadiri theluji ilivyoyeyuka. Hakupanda juu yake ili apate sifa. Aliwauliza wenye ndege, wakamwambia aiache mpaka mafuta yaishe. Akangoja zaidi ya saa nzima mpaka ikanyamaza. Hakuumia mtu. Ndege ile ilitengenezwa, ikarudi kazini kwa miaka mingi, na sasa imewekwa katika makumbusho huko Ohio.

La tatu ni la Ulaya tena, tarehe 4 Julai, 1989. Rubani wa Kirusi aliondoka na MiG-23 kutoka kiwanja kilichokuwa pwani ya Poland. Muda mfupi baada ya kupaa alidhani injini imekufa, akaruka, akaokoka. Injini haikuwa imekufa. Ndege ikajiendea yenyewe, ikavuka Ujerumani zote mbili na Uholanzi, mwendo wa kilomita 900 hivi, huku ndege za Kimarekani zikiifuata zisijue la kufanya. Mafuta yalipokwisha ilianguka juu ya nyumba moja huko Bellegem, karibu na mji wa Kortrijk, nchini Ubelgiji. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba ile alikufa. Hakuwa askari, hakuwa na ugomvi na mtu, wala hakujua kwamba nchi tatu mbali kuna mtu aliyekuwa ameruka.

Mambo hayo matatu yatufundisha nini? Wapo watakaosema kwamba Montana yaonyesha rubani aruke tu, Mungu ataongoza kilichobaki. Bellegem yawajibu. Bahati iliyoikalisha ndege moja juu ya theluji ndiyo iliyoipeleka nyingine juu ya kitanda cha mtu, na bahati haiwezi kuwa kanuni ya jeshi. Wapo pia watakaosema kwamba Berlin yaonyesha kila rubani afe na ndege yake. Nao wamekosea. Kapustin na Yanov hawakufa kwa ajili ya ndege. Kama wangalikuwa juu ya pori tupu, kukaa kwao kitini kungalikuwa upotevu tu. Walikaa kwa ajili ya watu.

Hapa twataka kusema wazi, kwa sababu yako maneno yasemwayo vijiweni kila chombo cha umma kinapopata ajali: “Mbona yeye kapona, na mali yetu imeteketea?” Twaelewa maneno hayo yatokako. Nchi yetu haikupewa jeshi la anga bure. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, tulianza upya na kuunda Jeshi la Wananchi mwaka huo huo. Wajerumani wa Magharibi waliokuwa wakitusaidia kuanzisha kikosi cha ndege waliondoa msaada wao mwaka 1965 kwa sababu hatukukubali kuamriwa tuwe na urafiki na nani. Wakanada wakaja kufundisha. Kisha katika miaka ya 1970 Wachina wakatujengea kituo cha Ngerengere na kutupatia ndege za kivita za jeti. Kila kipuri kilichofuata kilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka katika pamba, kahawa, korosho na mkonge. Kwa hiyo mkulima wa Ngulyati ana haki ya kusema kwamba katika bawa la ndege ya jeshi mna jasho lake.

Ni kweli. Lakini jasho hilo hilo limo pia katika rubani. Eropleni hutoka kiwandani, na kiwanda chaweza kutoa nyingine inayofanana nayo. Rubani hufunzwa kwa miaka, na maarifa yaliyomo kichwani mwake, pamoja na habari ya yaliyotokea dakika ile ya hatari, hayauzwi mahali popote. Aliyeokoka atawaeleza mafundi kilichoharibika, ili ndege zilizobaki zisiharibike vivyo hivyo. Rubani aliyekufa kwa kulinda chuma ametupotezea vyote viwili. Na mbali ya hesabu hizo zote, yeye ni mtoto wa mtu.

Basi kanuni tunayoiona kuwa ya haki ni hii: kwanza geuza pua ya ndege ielekee pasipo watu, kisha ruka. Watu wa chini watangulie, rubani afuate, chuma kiwe cha mwisho. Anayeufuata utaratibu huo asilaumiwe hata kama ndege imeteketea yote. Anayelazimika kukaa mpaka mwisho, kwa kuwa sekunde za kugeuza na za kuruka hazikutosha zote mbili, huyo ni shujaa, na jina lake lisiachwe likafutika.

Rubani akiisha kutimiza wajibu wake, wajibu hugeukia walio ardhini. Twataja machache, kwa sababu tahadhari ni kabla ya hatari.

Ikiwa mwavuli utaonekana kushuka penye mashamba, yule ni mgeni aliyejeruhiwa, hata kabla hatujajua ni wa nchi gani. Sheria za mataifa, katika Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya mwaka 1977, zakataza kumshambulia mtu anayeshuka kwa mwavuli kutoka katika ndege iliyopata balaa. Hata akiwa ni wa adui, apewe nafasi ya kujisalimisha. Wala asibebwe juu juu kwa shangwe. Kiti kile cha baruti humrusha mtu kwa nguvu ambayo mara nyingi huvunja pingili za uti wa mgongo. Naye huweza kusimama na kusema ni mzima kumbe sivyo. Alazwe, afunikwe, azungumzishwe kwa upole, na mganga aitwe.

Ama eropleni yenyewe, isikaribiwe. Mafuta yake huwaka, moshi wake una sumu, risasi na makombora yaweza kuwa yangali mazima. Na kama rubani hakuruka, baruti ya kiti ingali imekaa pale ikimngoja atakayevuta kishikio asichokijua. Watu wasimame mbali, upande utokako upepo, na sigara zizimwe. Katika vijiji vya Usukuma kuna sungusungu, ambao tangu miaka ya 1980 wamejua kuitikia yowe na kukusanyika kwa amri. Nguvu hiyo iliyotumika kuwazuia wezi wa ng'ombe itumike kuwazuia watoto wasikimbilie moto, na kuweka njia wazi kwa polisi na askari. Mtendaji wa kijiji apewe habari mara moja, na habari iwe ya kweli: mahali gani, saa ngapi, watu wangapi walionekana.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, maana linagusa mfuko. Vyuma chakavu vina soko, na kipande kinachong'aa hutamanisha. Lakini mabaki ya eropleni ni ushahidi. Wachunguzi husoma kila bomba lililokatika na kila msumari uliolegea kama tusomavyo barua. Anayekwenda kuuza kipande kwa kilo huenda ameuza jibu la swali la kwa nini ndege ilianguka. Na ndege nyingine ya namna ile ile, yenye ubovu ule ule, itapaa kesho na kijana mwingine ndani yake. Faida ya shilingi chache yaweza kulipwa kwa uhai wa mtu.

Na neno hili liwafikie pia wafanyakazi wa karakana, wanaokaza nati na kutia saini katika kitabu cha ukaguzi. Rubani hukutana na hatari angani, lakini mara nyingi hatari hiyo huanzia chini, mikononi mwa mtu aliyechoka, au aliyeharakishwa, au aliyeona ubovu akanyamaza ili asimkasirishe mkubwa. Fundi anayesema “Ndege hii haiendi leo” ameokoa rubani bila kiti cha baruti, na ameokoa shamba la mtu bila kuliona. Mkubwa anayemkaripia fundi huyo kwa kusema kweli huandaa ajali ya kesho.

Mkulima ainamaye shambani Ngulyati, rubani aliye juu ya mawingu, na fundi aliye chini ya bawa hawajapata kuonana, na huenda hawataonana kamwe. Hata hivyo kila mmoja ameuweka uhai wake mikononi mwa wenzake. Nchi inayolielewa jambo hilo itanunua eropleni nyingine pale moja itakapoteketea, nayo haitakuwa imepoteza kitu isichoweza kukirudisha.